Maongozi ya Mungu Nyumba Inapokauka

Wanandoa wapendwa, ninyi wa Mwingi mnajua kutafuta maji katika mto uliokauka. Ukisimama ukingoni mwa mto Tyaa wakati wa kiangazi, unaona mchanga mtupu. Lakini mama anateremka na ndoo yake, anainama, anachimba, anangoja, kisha anachota.

Leo tutafakari maisha ya mtu aliyeokolewa na maji ya namna hiyo katika nchi hii ya Wakamba. Ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mprotestanti aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1810. Hakuwa Mkatoliki, lakini maisha yake yanatufundisha jambo kubwa juu ya Maongozi ya Mungu.

Krapf alimwoa Rosina Dietrich mwaka 1842 huko Misri. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini, nyikani, akafa muda mfupi baadaye. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mwaka 1844 wakafika Mombasa. Mwezi wa Julai, wote wawili wakiwa wameshikwa na homa, Rosina alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye akafariki, na mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata kuinuka kitandani kumtazama mkewe ilikuwa taabu. Rosina alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, kama alivyoomba, ili wapita njia wakumbuke kwa nini walikuja.

Je, Mungu alikuwa wapi? Bila shaka baadhi yenu mmeuliza swali hilo: mtoto alipozikwa, mume alipopoteza kazi Nairobi, mvua ilipokataa na ng'ombe wakafa. Tumezoea kusema kuwa Mungu hamtupi mja wake. Lakini siku ya msiba maneno hayo huwa mazito, na mara nyingi mume na mke huanza kulaumiana kimoyomoyo.

Krapf alibaki. Alijifunza Kiswahili akaanza kutafsiri Maandiko Matakatifu. Mwaka 1849 alifika Kitui, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kwa mbali. Akarudi Ukambani mwaka 1851, akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, kuelekea Mto Tana, mto unaopakana na Mwingi yetu upande wa kaskazini. Karibu na mto wanyang'anyi waliwavamia. Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake.

Alipoufikia Tana alikunywa, kisha, kwa kukosa chombo, akajaza maji katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa darubini yake. Usiku alitembea, mchana alijificha. Maji hayo yakaisha. Kiu ilipomzidi, alisikia sauti za nyani. Akafuata bonde la mto mkavu, akakuta shimo ambalo nyani wamelichimba mchangani. Ndani yake mlikuwa na maji. Akamshukuru Mungu, akanywa, akaendelea.

Ndoa yenu itazame hapo. Krapf hakuonyeshwa njia yote mpaka Rabai. Alipewa maji ya safari ya usiku mmoja. Na maji hayo hayakumrudishia Rosina, wala hayakumpa misheni aliyoitamani Ukambani. Alirudi Rabai bila kuianzisha, na mwaka 1853 akaiacha Afrika Mashariki. Hata hivyo hakuacha kusali. Alipofariki mwaka 1881, alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Kwa hiyo, mume mpendwa, mkeo akilia, usimfunge kinywa kwa kumwambia kuwa ni mapenzi ya Mungu. Keti naye kwanza. Nawe mama, mumeo akinyamaza, usidhani hana uchungu. Huenda maji yake yako chini sana, nawe huna budi kuchimba polepole.

Msidharau pia msaada mdogo. Krapf aliongozwa na nyani, wala hakungoja malaika. Ninyi huenda mkaongozwa na jirani wa Jumuiya, na muuguzi wa zahanati, na padre wa parokia, au na neno la mtoto wenu mwenyewe. Hajiri naye jangwani alionyeshwa kisima baada ya kulia.

Jioni ya leo, baada ya Rozari, kaeni wawili. Kila mmoja ataje jambo moja linalomuumiza, na mwenzake asikilize bila kujibu. Kisha kila mmoja ataje msaada mmoja alioupata juma hili. Mwisho ombeni pamoja, si kwa ajili ya mwaka mzima, bali maji ya kuwatosha mpaka kesho. Kesho mtaomba tena.