APOLO KIVEBULAYA: ALIYEOMBA AKIWA NA JEMBE MKONONI



Mara nyingi baada ya ibada ndugu fulani hubaki nyuma, akauliza kama Mungu bado anasikia maombi yanayotoka huku kambini. Ameomba amani irudi nyumbani, vita havijaisha. Ameomba mtoto aliyepotea njiani, hajaonekana. Swali hilo si dhambi. Leo tumwangalie mtu ambaye wengi wetu kutoka Ituri tulisikia jina lake tukiwa bado migongoni mwa mama zetu.

Apolo alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa. Katika ujana wake alifundishwa dini ya Kiislamu, tena akawa askari katika siku zile za vita vya Buganda. Lakini mafundisho ya wamisionari, hasa Alexander Mackay, yalikuwa yameingia moyoni mwake. Alibatizwa mwaka 1895 akapewa jina la Apolo. Jina Kivebulaya lilikuja kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kuvaa juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka huohuo alitumwa Toro kama mwalimu, na mwaka 1896 akavuka milima ya Ruwenzori na mto Semliki mpaka Boga. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wameondoka, maana chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo naye alinyimwa. Hapo tunaona jambo la kwanza juu ya maombi yake. Hakukaa chini kungoja mana ianguke kutoka mbinguni. Alishika jembe, akalima, akapanda, akala jasho lake. Kwake maombi na kazi vilikuwa kama miguu miwili ya mtu mmoja. Ukikata mmoja, huwezi kutembea.

Watu wachache walianza kuja kusoma. Chifu alikasirika, kwa sababu Apolo alikataza ulevi na wingi wa wake, na mambo hayo yaligusa nyumba ya chifu mwenyewe. Halafu likatokea jambo baya. Wakati wa kujenga, dada ya chifu alikuwa amebeba nyasi, na mkuki ulikuwa umefichika ndani yake. Alianguka, mkuki ukamchoma, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa amemwua. Alifungwa, akapelekwa Toro kwa mtawala Mwingereza, akatiwa gerezani akiwa na minyororo, akapigwa bila kosa.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Huyu alikuwa amekuja kwa kazi ya Mungu. Aliomba kila siku. Hata hivyo alifungwa kwa kosa ambalo hakulitenda, katika nchi isiyo yake, bila jamaa wa kumsemea. Wengi wetu tunajua jinsi inavyokuwa kusimama mbele ya meza ya mkubwa na kukosa mtu wa kushuhudia kwamba unasema kweli.

Apolo alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za mateso, usiku mmoja alimwona Bwana Yesu akiangaza kama jua. Bwana alimwambia awe na moyo mkuu na aendelee kuhubiri bila kuogopa, kwa kuwa Yeye yupo pamoja naye. Tuangalie vizuri hapo. Hakuambiwa kwamba kesho mlango utafunguliwa. Hakupewa tarehe. Alichopewa ni kujua kwamba hayuko peke yake. Kuanzia siku hiyo hofu ilimtoka, na watu waliosikia mahubiri yake walianza kugeuka kwa wingi kuliko mwanzo.

Baadaye alionekana hana hatia, akaachiliwa. Angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Boga, kwa watu walewale waliomfunga. Hatimaye chifu Tabaro mwenyewe aliamini, akabatizwa kwa jina la Paulo. Mtu anayemwombea adui yake kwa muda mrefu hawezi kuendelea kumwona kama adui. Maombi humbadilisha kwanza yule anayeomba.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi Toro miaka mingi. Wakubwa walipokata mpaka na Boga ikabaki upande wa Kongo ya Wabelgiji, yeye alirudi kule, akakaa hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1921 alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu ambao wengine waliwadharau. Aliketi nao, akajifunza lugha yao, akafanya kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao wenyewe. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, lakini cheo hicho hakikumtoa kijijini. Hakuoa, kwa kuwa mchumba wake alikufa kabla ya arusi.

Mwaka 1933, alipoona ugonjwa wake hauponi, aliomba arudishwe Boga. Alifia huko tarehe 30 Mei. Desturi ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kuonyesha kwamba kazi haijaisha. Kutoka kaburi lile Kanisa Anglikana lilienea sehemu nyingi za Kongo, na jimbo la kwanza likaitwa kwa jina la Boga mwaka 1972.

Tunajua pia yaliyofuata. Mwisho wa Mei 2021, siku zilezile za kumkumbuka Apolo, Boga na Tchabi zilishambuliwa usiku, na zaidi ya watu hamsini waliuawa. Baadhi yetu tunawalilia mpaka leo. Hatuwezi kusema kwamba waliokufa hawakuomba, wala kwamba sisi tulipona kwa sababu tuliomba vizuri zaidi yao. Kusema hivyo ni kuwaumiza wafiwa mara ya pili.

Tunachoweza kusema ni hiki. Maombi si ngazi ya kupandia kutoka katika shida, bali ni kukaa na Bwana ndani yake, tena kuamka asubuhi ukiwa na nguvu ya kushika jembe, kumtembelea mjane na kumsamehe jirani. Kwa hiyo ndugu anayebaki nyuma baada ya ibada tusimwache aombe peke yake. Tupige magoti karibu naye, hata tukikosa maneno.

Bwana awape moyo mkuu. Amina.