Ian Curtis: Mtunzi Aliyeimba Maradhi Yake

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ian Curtis, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Joy Division ya Uingereza, aliyaona mateso ya kifafa kwa wengine, kisha akayaonja mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1956 huko Stretford, karibu na Manchester, akalelewa Macclesfield, mji wa viwanda vya hariri. Tangu ujana wake alivutiwa na ushairi na riwaya. Alisoma Ballard, Burroughs na Kafka, na athari yao inajitokeza bayana katika tungo zake.

Mwaka 1976, wakati mtindo wa panki ulipokuwa ukiwasisimua vijana wa Manchester, Curtis alijiunga na Bernard Sumner na Peter Hook. Stephen Morris, mpiga ngoma, aliwafuata mwaka 1977. Panki ilikuwa ghadhabu na kelele. Wao waliipunguza kasi na kuacha ukimya uzungumze. Gitaa la besi la Hook ndilo lililobeba kiini cha wimbo, nayo sauti nzito ya Curtis ikaelea juu yake. Mtayarishaji Martin Hannett aliirekodi albamu ya Unknown Pleasures (1979) kwa majaribio mengi: alimtaka Morris apige kila ngoma peke yake, akaongeza mwangwi wa mitambo pamoja na mlio wa vioo vikivunjika.

Wakati huo Curtis alikuwa mwajiriwa wa serikali, akiwasaidia watu wenye ulemavu kutafuta kazi. Miongoni mwao alikuwamo msichana mwenye kifafa. Alipoacha kuja, Curtis alidhani amepata ajira, kumbe alikuwa amefariki. Tukio hilo lilizaa wimbo She's Lost Control.

Mnamo Desemba 1978, bendi ilipokuwa ikirejea kutoka London, Curtis mwenyewe alishikwa na kifafa. Dawa alizopewa zilikuwa kali na zilimvuruga hisia. Jukwaani alicheza kwa kurusharusha mikono, na mara nyingine watazamaji walishindwa kupambanua kati ya ngoma na ugonjwa. Ndoa yake nayo iliyumba, ingawa binti yake alikuwa amezaliwa Aprili 1979. Mwezi Aprili 1980, mjini Bury, waimbaji wengine walishika nafasi yake katika baadhi ya nyimbo kwa sababu ya udhaifu wake. Watazamaji wakazua vurugu.

Tarehe 18 Mei 1980, siku moja kabla ya ziara ya Marekani, alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 23. Albamu ya Closer ilitoka Julai mwaka huo. Wenzake waliendelea kwa jina la New Order.

Baadaye walikiri kwamba hawakuyazingatia maneno aliyoimba. Waliyachukulia kuwa sanaa tu. Msiba alikuwa ameutangaza mwenyewe, usiku baada ya usiku, mbele ya umati uliokuwa ukimshangilia.