Esther Rolle, mama aliyedai papa awe ndani ya nyumba

Leo tunawaelezea maisha ya mama Esther Rolle, mchezaji wa teatri na televizyo wa Marekani. Alikufa mwaka 1998, lakini mpaka leo kule kwao, zaidi kati ya watu weusi, ukitaja jina lake wanaona mbele ya macho mama mmoja wa nyumba ya watu maskini, yeye, bwana yake na watoto watatu. Yule bwana asingekuwepo kama Esther angenyamaza. Hiyo ndiyo habari tunataka kuwaletea.

Esther alizaliwa tarehe 8 Novemba 1920 huko Pompano Beach, jimbo la Florida. Wazazi wake walitoka visiwa vya Bahamas, na walikuwa wanaishi kwa kulima mboga. Walizaa watoto 18, na Esther alikuwa wa kumi. Mtu aliyekomalia Ngungu kati ya mashamba ya viazi na maharagi hana haja ya kuelezewa nyumba ya namna ile: asubuhi shambani, jioni kila mtu anangojea sahani yake, na hakuna kitu kinachotupwa. Tena kule Florida ya wakati ule sheria ilitenga watu weusi, shule yao pembeni, viti vyao pembeni. Lakini ndani ya nyumba mtoto alikuwa na papa na mama, na wote wawili waliheshimiwa. Esther hakusahau.

Kisha masomo ya sekondari alitoka Florida, na mwishoni akafika New York. Hakufika kama nyota. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kawaida kwenye mtaa wa viwanda vya nguo, huku akisoma na kujifunza mchezo. Dada zake wawili, Estelle Evans na Rosanna Carter, nao walishika kazi hiyo ya mchezo. Huko New York Esther aliingia katika kikundi cha ngoma cha Asadata Dafora, mwana wa Sierra Leone, mmoja wa watu wa kwanza kupandisha ngoma za Afrika kwenye jukwaa la Marekani kwa heshima yake. Mwaka 1960 yeye Esther ndiye aliyepewa kuongoza kikundi kile. Kumbe kabla ya kujulikana kwa kuchekesha, mama huyu alikuwa amecheza ngoma ya kwetu.

Mwaka 1967 kikazaliwa kikundi cha teatri cha watu weusi, Negro Ensemble Company, na Esther alikuwa kati ya wachezaji wa mwanzo. Alikuwa na miaka zaidi ya 50 wakati televizyo ilipomwita, mwaka 1972. Walimpa nafasi ya Florida, mfanyakazi wa nyumbani wa mama mzungu, katika mchezo wa kuchekesha ulioitwa Maude. Kazi ya boyi kwenye sinema za Marekani watu weusi waliijua sana: mfanyakazi mnene, anacheka ovyo, hana akili wala familia. Esther hakutaka picha ile. Florida wake alimjibu bosi wake bila woga, na watazamaji wakampenda mpaka kampuni ikaona afanyiwe mchezo wake mwenyewe.

Hapo ndipo shida ilianza. Mchezo mpya, Good Times, ulitungwa na Eric Monte na Mike Evans, vijana wawili weusi, na mtengenezaji mkubwa alikuwa Norman Lear. Mpango ulikuwa Florida awe mama anayelea watoto peke yake. Esther akakataa. Alisema bila bwana ndani ya nyumba, yeye hachezi. Fikirieni vizuri: ni mama wa miaka 53, ambaye kwa mara ya kwanza mchezo mzima wa televizyo unasimama juu yake, na anakubali kuupoteza.

Juu ya nini? Kwa sababu mwaka 1965 serikali ya Marekani ilikuwa imetoa ripoti ya Daniel Patrick Moynihan, iliyosema jamaa za watu weusi zinavunjika na papa hayupo. Maneno yale yalienea kila mahali. Wachache walikumbusha kwamba wakati wa utumwa ni wenye watumwa waliouza papa huku na watoto kule, na kwamba kukosa kazi kunamfukuza mwanaume nyumbani kuliko kukosa mapendo. Esther alijua nyumba aliyotoka. Hakutaka televizyo iwafundishe mamilioni ya watu kwamba nyumba kama ile haikuwepo.

Alishinda. Wakamletea John Amos awe bwana yake, James Evans. Tarehe 8 Februari 1974 mchezo ukaanza kwenye televizyo ya CBS. Familia iliishi katika nyumba za etaji za serikali, mjini Chicago. James hakusoma sana, anapata kazi leo, kesho inapotea, pesa ya nyumba inachelewa. Watoto walikuwa J.J., Thelma na mdogo wao Michael, mwenye kupenda siasa. Watu walicheka, lakini walicheka wakijiona wenyewe: papa mkali aliyechoka, mama anayegawa kidogo kilichopo.

Ushindi haukudumu. J.J., aliyechezwa na Jimmie Walker, alikuwa na neno lake moja la kuchekesha, na watoto wa nchi nzima wakaanza kulirudilia. Waandishi wakaongeza vichekesho vyake, mambo ya maana yakapungua. Mwaka 1975 Esther alilalamika wazi kwenye gazeti la Ebony: kijana mkubwa hana kazi, hajui kitu, na watoto weusi wanafundishwa kumwiga. John Amos naye aligombana na waandishi juu ya hayo, na mwaka 1976 wakamfukuza. Katika mchezo walimuua James kwa ajali ya gari huko Mississippi, wakati familia inafunga vitu ili wamfuate kwenye kazi mpya. Telegramu ndiyo ilileta habari.

Ile sehemu bado inakumbukwa. Kisha mazishi, Florida anapokea wageni, anagawa chakula, hatoi chozi. Watu wanashangaa. Wanapoondoka, anabaki na bakuli kubwa la kioo mkononi, kisha analipiga chini na kulia kwa sauti. Mama mwenye kufiwa na bwana hapa Masisi anaelewa bila kutafsiriwa.

Papa aliyedaiwa na Esther akawa ameondolewa. Mwaka 1977 naye akaacha mchezo. Watazamaji wakapungua, wakamwita tena mwaka 1978, akarudi kwa sharti kwamba J.J. awe kijana mwenye akili. Mchezo ukaisha tarehe 1 Agosti 1979. Mwaka uleule alipata tuzo kubwa ya Emmy kwa filamu nyingine, Summer of My German Soldier. Mwaka 1990 chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi, kilimheshimu kwa kazi yake ya kutetea sura ya watu wake.

Moja kati ya filamu zake za mwisho ni Rosewood, ya mwaka 1997. Rosewood kilikuwa kijiji cha watu weusi huko Florida, jimbo lake. Januari 1923, Esther akiwa mtoto wa miaka miwili, wazungu walikishambulia na kukichoma. Watu walikimbilia kwenye matope na pori katika baridi, na wenyeji hawakurudi kukaa tena. Esther alicheza mama mzee wa kijiji anayeuawa nyumbani kwake.

Kwetu kuna nyumba nyingi zisizo na papa: vita vilimchukua, au alikwenda kutafuta maisha, na mama amebeba vyote. Esther hakuwadharau mama wa namna hiyo. Yeye mwenyewe alimcheza mjane. Alichokataa ni mtu wa mbali kumtoa papa kwenye hadithi kama vile hakuwa na jina wala mtu wa kumlilia. Nasi tunapopigwa picha, au tunapotunga teatri yetu juu ya jamaa za hapa, waliokosekana watajwe, na kilichowaondoa kitajwe pia.

Esther Rolle alikufa kwa ugonjwa wa sukari tarehe 17 Novemba 1998, huko California, siku tisa kisha kutimiza miaka 78. Walimrudisha Pompano Beach, wakamzika katika udongo ambao wazazi wake waliulima.