Dkt. James Christie, Tabibu Aliyeifuata Njia ya Kipindupindu

Marehemu Dkt. James Christie, tabibu Mskochi, aliwasili Unguja katika miaka ya 1860. Kipindupindu kilipoingia kisiwani mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870, maelfu ya watu walifariki, na Mji Mkongwe ulikuwa ukitegemea maji ya visima.

Kijidudu cha maradhi hayo kilikuwa bado hakijatambuliwa. Robert Koch alikibainisha mwaka 1884. Dkt. Christie hakungojea maabara. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara: nani aliugua, wapi na lini. Kwa majibu yao aliifuatilia njia ya maradhi kutoka pande za Bahari ya Sham, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha kuvuka bahari hadi Unguja. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876.

Kadhia ya pili haitajwi sana, ingawa pengine ndiyo yenye mafunzo zaidi. Homa ya kidingapopo ilipoenea mjini mwaka 1870, wazee walikumbuka kwamba iliwahi kufika takriban miaka hamsini nyuma. Kumbukumbu hizo zingeweza kupuuzwa kuwa ni hadithi za barazani. Yeye aliziandika, na mwaka 1872 akazichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza.

Muuguzi wa afya ya jamii anayebisha hodi Ng'ambo leo, akauliza maji yanatekwa wapi na nani mwengine anaharisha, kisha akaandika tarehe na mtaa, anaifanya kazi ileile, nyumba baada ya nyumba.