Kipa Roose: umaarufu uliozimwa na herufi moja

KABLA ya mwaka 1912, sheria za soka zilimruhusu kipa kushika mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja. Makipa wengi waliogopa kuliacha goli wazi. Leigh Richmond Roose wa Wales hakuogopa. Alitoka akiudundadunda mpira hadi karibu na mstari wa kati, kisha akaupiga mbele kwa washambuliaji wake. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, makipa wakaruhusiwa kudaka ndani ya eneo la hatari tu. Wengi wanaamini mabadiliko hayo yalitokana naye.

Roose alizaliwa Novemba 27, 1877 katika kijiji cha Holt, karibu na Wrexham, mtoto wa mchungaji wa Presbiteri. Alisoma Aberystwyth, na mwaka 1900 akatwaa Kombe la Wales na timu ya mji huo. Baadaye alikwenda London kusomea udaktari, masomo ambayo hakuyamaliza.

Alibaki mchezaji wa ridhaa. Hakulipwa mshahara, bali gharama zake tu, naye alijulikana kwa kudai nyingi. Kwa kuwa hakubanwa kama wenzake wa kulipwa, alihamahama. Alijiunga na Stoke mwaka 1901, kisha Everton mwaka 1904, na msimu huo Everton ikakosa ubingwa kwa pointi moja. Akarudi Stoke, halafu akaenda Sunderland. Desemba 5, 1908 alikuwa golini Sunderland ilipoichapa Newcastle mabao 9-1 ugenini, ingawa Newcastle ndiyo iliyotwaa ubingwa msimu huo.

Mwaka 1910 alivunjika kifundo cha mkono. Alizichezea klabu nyingine, zikiwamo Aston Villa na Woolwich Arsenal, lakini makali yake yalikuwa yamepungua. Timu ya taifa ya Wales aliichezea mechi 24 kati ya mwaka 1900 na 1911, na mwaka 1907 nchi hiyo ilitwaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa nchi nne za Visiwa vya Uingereza.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Roose aliingia jeshini katika kikosi cha matibabu, akahudumu Ufaransa na kisha Gallipoli, Uturuki. Mwaka 1916 alijiunga na kikosi cha Royal Fusiliers kama askari wa kawaida, akapigana kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, na kutunukiwa Medali ya Kijeshi kwa ushujaa. Oktoba 7, 1916 aliuawa vitani akiwa na umri wa miaka 38. Mwili wake haukupatikana.

Katika karatasi za jeshi jina lake lilikuwa limeandikwa Rouse badala ya Roose. Kosa hilo likachongwa pia kwenye mnara wa Thiepval, wenye majina ya askari zaidi ya 72,000 wasio na kaburi linalojulikana. Kwa miaka mingi ndugu zake hawakujua alikoishia. Kumbe jina lipo, ila halikuwa lake.

Aliyewahi kusimama mpakani na karatasi yenye jina lililokosewa anaelewa. Roose alijulikana na maelfu viwanjani, lakini kwenye daftari la jeshi herufi moja ilitosha kumpoteza.