U. V. Swaminatha Iyer, Babu wa Kitamil

Wahindu wengi wa Tanzania wana asili ya Gujarati, na majirani zetu hapa Tunduma husema Kinyamwanga, Kinyiha na Kiswahili. Kwa hiyo jina la U. V. Swaminatha Iyer huenda likawa geni kwa wasomaji wengi wa kitabu hiki cha maadhimisho. Kwao, kusini mwa India, Watamil humwita Tamil Thatha, yaani Babu wa Kitamil. Maisha yake yana funzo kwa kila hekalu na kwa kila jirani yake.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1855, na kijiji cha kwao kilikuwa Uthamadhanapuram, karibu na mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa mwanamuziki asiye na mali, na familia ilihamahama kutafuta riziki. Zama hizo za utawala wa Waingereza, aliyejua Kiingereza ndiye aliyepata kazi za ofisini. Kijana huyu alichagua Kitamil. Akiwa na umri wa miaka 17 hivi alikwenda kusoma kwa mshairi mkuu Meenakshi Sundaram Pillai, akamtumikia hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 1876. Mwaka 1880 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha serikali cha Kumbakonam.

Mwaka huohuo alimtembelea hakimu mmoja, Ramaswami Mudaliar. Hakimu alimuuliza amesoma vitabu gani. Iyer alivitaja kimoja baada ya kingine, lakini mwenyeji wake hakuonyesha kuvutiwa. Kisha akamuuliza kama amesoma tungo za kale zaidi, mojawapo ikiwa Civaka Cintamani. Mwalimu huyo kijana hakuwa amezisoma. Hakimu akampa nakala ya utenzi huo iliyoandikwa kwa mkono, na tangu hapo maisha ya Iyer yakabadilika.

Utenzi huo ni wa Wajaini, naye alikuwa Mhindu mfuasi wa Shiva. Maneno mengi yalimshinda. Hakuona haya kwenda kwa majirani zake Wajaini wa Kumbakonam, akaketi kama mwanafunzi, wakamfafanulia imani yao na maana ya beti zile. Mwaka 1887 aliuchapisha.

Tungo za kale zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya chuma juu ya majani makavu ya mvumo. Jani la mvumo halidumu milele. Mchwa hulila, unyevu huliozesha, na asiponakili mtu, utungo hupotea. Iyer alizunguka vijiji, nyumba za watu na mahekalu akiyatafuta. Pengine alichelewa: aliambiwa kwamba majani yalikwisha kutupwa mtoni au kuchomwa motoni, na waliofanya hivyo waliamini kuwa wanayapa heshima. Alirudi na huzuni, kisha akaanza safari nyingine.

Kwa juhudi hizo alichapisha Pattuppattu mwaka 1889, Cilappatikaram mwaka 1892, Purananuru mwaka 1894, na Manimekalai, utenzi wa Wabudha, mwaka 1898. Alilinganisha nakala neno kwa neno na kuongeza maelezo ili msomaji wa kawaida aelewe. Mwaka 1906 serikali ilimtunukia cheo cha Mahamahopadhyaya, na mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Madras kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki tarehe 28 Aprili 1942.

Mwaka 2004 Serikali ya India ilikitangaza Kitamil kuwa lugha ya kwanza nchini humo kupewa hadhi rasmi ya lugha adhimu ya kale. Hadhi hiyo hudai ushahidi wa fasihi kongwe, na sehemu kubwa ya ushahidi wa Kitamil ni zile tungo alizoziokoa Iyer na wenzake. Kama majani yale yangeliwa na mchwa, serikali isingekuwa na cha kutambua.

Kiswahili nacho kimepata heshima yake: mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Lakini nyimbo, methali na visa vya wazee wa Songwe, na kumbukumbu za wazee wa hekalu letu, bado vimo vifuani mwao. Tusingoje tangazo la serikali. Tuketi nao, tuwasikilize, tuandike. Na tusilolielewa, tumuulize jirani, kama alivyofanya Babu wa Kitamil.