Carver, Mwalimu wa Wakulima Wasio na Kitu

Mtaje George Washington Carver popote, utaambiwa habari za njugu, au karanga kama wasemavyo wenzetu wa bara. Wako watakaokuapia kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya njugu. Si kweli; ilikuwako kabla yake. Mimi nikimkumbuka bwana huyu naona chungu ya majani na samadi ikioza pembeni mwa shamba, na hiyo ndiyo naihesabu kazi yake kubwa.

Alizaliwa utumwani Missouri, Marekani, mwaka wa 1864 au karibu na hapo. Angali mchanga, wezi wa watumwa walimteka yeye na mamake. Mtoto alirudishwa, mama, Mary, hakuonekana tena. Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, aliepushwa na kazi nzito za shamba, akabaki nyumbani na Bibi Susan Carver kujifunza kupika, kufua na kushona. Kwa ufuaji huo alijilisha alipokuwa akihama mji hadi mji kutafuta elimu. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kilipomwona rangi yake kikamkataa. Hata hivyo, mwaka 1896 alipata shahada yake ya pili ya kilimo huko Iowa, na mwaka huo huo Booker T. Washington akamwita Tuskegee, Alabama.

Watu weusi aliowakuta huko walikuwa huru kwa sheria tu. Wengi walilima ardhi ya mtu na kugawana naye mavuno. Unga, mbegu na mbolea walikopa, na rehani ni pamba ambayo bado haijachanua. Siku ya hesabu, kalamu na daftari vilikuwa mkononi mwa aliyewakopesha. Pamba ile ile, udongo ule ule, mwaka baada ya mwaka, hata ardhi nayo ikachoka.

Carver aliwafundisha kuokota majani msituni, kuchota tope jeusi la kinamasi na kulichanganya na samadi, badala ya kukopa mbolea ya dukani. Wapande pia kunde, njugu na viazi vitamu kwa zamu na pamba, kwa kuwa mizizi ya kunde na njugu ina vinundu vyenye vijidudu viutiavyo udongo naitrojeni. Mama wa Kwale apandaye kunde kati ya mahindi yake hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1906 gari la kukokotwa na baghala, lililojaa zana na mbegu, lilianza kuyapeleka mafunzo hayo vijijini. Hapo ndipo ule ujuzi wa jikoni ulipofaa. Carver alijua kuzungumza na wanawake juu ya bustani ya mboga, kuku, na kukausha matunda. Kijitabu chake cha njugu cha 1916 kina mapishi 105. Kilichotoka bustanini hakikuandikwa katika daftari la duka. Baadaye gari la mafuta lilishika kazi hiyo, likiwa na muuguzi na mwalimu wa kike.

Soko lilikuwa jambo jingine. Mwaka 1921 aliitetea njugu mbele ya kamati ya bunge, wenye biashara wakitaka ushuru kwa njugu za kigeni. Alipewa dakika 10, wakamwongezea na kumwongezea. Jina likavuma, lakini mlimaji asiye na ardhi hakuwa na idhini ya kuacha pamba iwapo mwenye shamba aitaka. Carver hakulipigania hilo hadharani, na wako wanaomlaumu. Lawama hiyo naiona ina haki yake; udongo ulinenepa, mwenye udongo akabaki yule yule.

Hakuoa. Akiba yake aliitoa kwa taasisi ya utafiti aliyoianzisha Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa hapo hapo chuoni, karibu na kaburi la Washington.